Kwa Mama Constance, Jina Lilikuja Mwisho

Nimechoka kusikia Mama Constance akiitwa malaika. Tangu tumzike, kila anayesimama kanisani au kwenye kikao cha kina mama anatuambia kwamba marehemu hakuwahi kukasirika wala kuchoka. Hao hawakukaa naye mchangani. Mimi nilikaa naye miaka mingi, na ninasema alikuwa na kichwa kigumu, alikuwa na mdomo, na mwishoni alichoka kuliko sisi sote. Nilimpenda hivyohivyo.

Sisi ni waanikaji wa ndagala, dagaa wa ziwa, hapa ufukweni Kalemie. Asubuhi mitumbwi ikirudi tunanunua samaki, tunawatandaza juu ya nyavu kuukuu, halafu kazi inakuwa kungoja. Unangoja jua, unafukuza kunguru na bata wa watu, unageuza samaki, unangoja tena. Ndani ya kungoja huko ndimo Mama Constance alimoingiza shule yake. Alikuwa mtu wa Kongolo, amesomeshwa na masista, akaletwa huku na mume aliyefanya kazi ya reli. Mume alipofariki, akabaki na vyumba viwili na siku ndefu. Basi siku moja akatokea na ubao alioupaka weusi wa betri zilizokufa, na vipande vya chokaa alivyoletewa na wachuuzi kutoka Kabimba. Akasimama katikati ya samaki wetu, akatuambia tusogee karibu, ndagala hawatakimbia.

Hakuna aliyemlipa. Mashirika yalikuja, yakapiga picha, yakatuachia fulana na kofia, yakaenda zao. Yeye alibaki. Akitoka kwetu alikwenda kukaa na mke aliyepigwa, au kumsindikiza mjamzito hospitali, au kugombana na baba aliyemtoa binti yake shuleni kwa sababu minerval, ada ya shule, ilitosha kwa wavulana tu. Wanaume wa mtaa wakimwona kwa mbali walikumbuka ghafla kwamba wana safari upande wa pili.

Hapo mwanzo alitufundisha jina kwanza. Ndilo kila mwanamke alilotaka. Ukienda biro ya serikali ukatia kidole kwenye wino, kidole kinabaki na rangi hadi kesho yake, na sokoni kila anayepokea ndagala mkononi mwako anakiona. Tulitaka kalamu. Tulitaka kuinama mezani kama watu wengine.

Wa kwanza kulimaliza jina lake alikuwa Gisèle, mke wa Michée, fundi wa mitumbwi. Gisèle alikuwa na akili nyepesi, na jina lake lilimlevya. Aliliandika mchangani, akaliandika kwa makaa ukutani, akaliandika kwa kidole juu ya unga kabla ya kusonga bukari. Tulimtania kwamba iko siku ataliandika juu ya Michée akiwa amelala.

Kisha Michée akaugua tumbo, akafa. Baada ya kuondoa matanga, kaka yake mkubwa, Papa Zacharie, aliyekuwa amekuja na ndugu kutoka Ankoro, akaleta karatasi. Alisema ni ya kuonyesha kwamba msiba umemalizika na nguo za marehemu zimegawanywa vizuri. Wakamletea Gisèle wino wa kidole. Gisèle akausukuma pembeni, akaomba kalamu. Mimi sikuwepo, nilikuwa Kabimba na mzigo wangu, lakini wote waliokuwepo wanasimulia sawasawa. Mjane aliinama mezani akaandika jina lake lote, bila kukosea, na Mama Constance, aliyekuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka pale, akapiga vigelegele.

Karatasi ile ilisema kwamba mjane anawaachia ndugu wa marehemu kiwanja na nyumba.

Mama Constance alilia mbele yetu, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Halafu akafunga kitambaa kichwani, akamshika Gisèle mkono, wakaanza kuzunguka: kwa chifu wa kartie, yaani mtaa, kwa mwanasheria wa parokia, mahakamani. Kote waliambiwa lile lile, kwamba kidole kingeweza kubishaniwa, mama mzee angeweza kusema hakuelewa, lakini huyu ameandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Nyumba ikaenda. Gisèle akahamia kwa dada yake, mtaa wa Kataki, akaanza kuuza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, sokoni, na hakurudi kwetu mchangani tena.

"Nilimupa kisu, sikumuonyesha makali iko upande gani," Mama Constance aliniambia. "Na mi mwenyewe nilikuwa pale, nafurahi kama mupumbavu."

Tangu hapo alibadilisha mafundisho. Jina likawekwa mwisho kabisa. Kwanza usome bei, usome dawa, usome tangazo lililobandikwa ukutani, usome karatasi nzima na kueleza kwa maneno yako inasema nini. Ukishinda hapo, ndipo anakuandikia jina lako ubaoni. Tulinung'unika sana. Mimi Viviane, jina langu lilikuwa limefika VIVI, likakaa hapo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wengine waliondoka kwa hasira wakarudi kwenye wino wao. Aliwaacha waende. Alisema heri kidole chenye rangi.

Lakini aliyekuwa moyoni mwake ni Gisèle. Alitaka jambo moja tu, Gisèle arudi kwenye kusoma. Nyumba alishajua haitarudi. Kila Jumamosi alipanda hadi sokoni, akakaa kwenye kigoda kando ya meza ya Gisèle, akanunua sombe, akasema yale yale. Gisèle alimpimia sombe na kumwangalia mteja mwingine. Mama Constance alirudi amechoka, na ukimuuliza alikujibu neno moja: "Amenikatalia."

Mimi nilimwambia aache. Nilimwambia mwanamke huyo amemfunga kamba shingoni. Hakunisikia. Nami nilikuwa nimechoka kwa niaba yake, na nimechoka kwa niaba yangu, maana ziwa nalo lilikuwa limeanza kupanda. Maji yalikula mchanga wetu, yakaingia kwenye nyumba za barabarani, tukahama na nyavu zetu mara huku, mara kule, na ubao juu ya kichwa cha mmoja wetu. Kisha serikali ikafunga uvuvi kwa miezi ili samaki wazaane. Hakuna ndagala, hakuna kungoja, hakuna shule. Mama Constance akaanza kutufuata majumbani, nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima, na miguu yake imevimba tayari.

Ulikuwa ugonjwa wa presha, baadaye figo. Alipolala na kushindwa kuinuka, binti yake Ketsia alikuja kutoka Manono kumuuguza. Siku moja Mama Constance aliniomba nimwitie Gisèle. Nilikwenda sokoni nikiwa nimekunja uso tangu nyumbani.

"Mama Gisèle, Mama Constance anakuita. Hali yake si nzuri."

Alikuwa akitwanga. Hakuacha. "Mwambie niko na kazi. Nitakuya siku ingine."

"Siku gani?"

"Siku ingine, Mama Viviane."

Nilimpelekea mgonjwa jibu hilo kama lilivyo, maana alikuwa hapendi kudanganywa. Akasikiliza, akageuka ukutani. Alifariki wiki ile ile. Sitaficha kwamba nilimchukia Gisèle.

Kilio kilifanyika uani kwake, chini ya turubai. Mlangoni waliweka meza yenye kitambaa cheupe, picha ya marehemu, na kitabu cha rambirambi. Tulipanga foleni, waanikaji wote, kila mmoja na jina lake ambalo lilimgharimu. Niliandika langu zima. Nilikuwa bado nimesimama pale mezani, nikimsaidia Ketsia kupokea watu, Gisèle alipoingia.

Alipewa kalamu. Hakuandika. Aliiweka chini, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikaanza kwenda. Alisoma kichwa cha kitabu, akasoma maneno ya paroko, akasoma majina, moja baada ya lingine. Aligeuza ukurasa. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna, jua lilikuwa kali.

"Mama, weka tu jina, watu wanangoja," mzee mmoja alisema.

"Ndo vile waliniambia ile siku ya karatasi," alijibu bila kuinua kichwa, akaendelea kusoma.

Nilimsogelea. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Umejifunzia wapi?"

"Kwetu Kataki, kanisani. Miaka mitatu. Nilianza na hasira, sikutaka ajue."

"Alikuwa anakuja kwako kila Jumamosi."

"Najua. Alikuwa anakaa pale, na mi nashika sombe tu." Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye jina la mtu. "Baadaye hasira iliisha. Ungeona ninavyosoma, Mama Viviane. Bado nakwama. Nilisema siku nitasoma bila kukwama, ndo nitaenda kumusomea."

Ketsia aliyesikia yote alivuta kiti, akampa akae. Gisèle akakaa, akatafuta mahali alipokuwa ameachia, akaendelea na majina yaliyobaki, akikwama na kurudia, na sisi sote tukasimama juani tukimngoja amalize.