Mfarishi wa Vipande Mia Mbili na Kumi na Viwili

Kazini niliingia kwa kupatana bei. Nilikuwa mchuuzi wa mitumba soko la Wete, nikaenda karakana moja ya ushoni pale Jadida kutaka mabaki ya vitambaa yaliyojaa chini ya meza ya kukatia. Nilikusudia kuwauzia wenye magari wafutie vioo. Mwenye karakana tulimwita Fundi Mkuu, mzee mwembamba, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Nikamwambia kwa upole kwamba takataka zile zinamjazia nafasi, na mimi niko tayari kumwondolea bure.

Akasimamisha cherehani.

"Takataka za nani, Bi Mize?"

"Hizo za hapo chini, mzee wangu."

"Chini hapana kitambaa hata kimoja kisicho na mwenyewe. Hicho cha mwalimu wa madrasa, hicho cha bibi harusi wa Konde, hicho cha mke wa daktari. Umewauliza?"

Nilidhani anapandisha bei. Sokoni mtu akianza kutaja watu wasiokuwepo, ujue anapandisha bei. Kumbe mwenzangu alikuwa anasema kweli tupu. Nikabishana naye mpaka adhuhuri, na kesho yake asubuhi nikawa mwajiriwa wake. Mpaka leo sijui nani alimshinda nani.

Niwaeleze vijana jinsi kazi ilivyokuwa. Mteja akileta kitambaa, fundi analipwa ujira wa kushona, hakulipwa kitambaa. Kwa hiyo kinachobaki, hata kiwe cha upana wa kidole gumba, ni cha aliyekinunua. Fundi Mkuu hakuwa na mjadala katika hilo. Mabaki ya kila mteja yalifungwa fungu moja kwa uzi mweupe, na mwenyewe akija kuchukua nguo yake anaulizwa: tukurudishie, au ni radhi yako tuchukue? Akisema "Chukueni, halali yenu," fungu linafunguliwa na kufungwa upya kwa uzi mwekundu. Uzi mwekundu ndio unaoruhusu mkasi. Mimi nilikuwa mtunza mabaki, na ufunguo wa kabati ulikuwa wangu. Nilihesabu kila kipande mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya hesabu, mara ya pili kwa ajili ya binadamu.

Mabaki ya uzi mwekundu tuliyaunga yakawa mifarishi ya kujifunika. Mifarishi yetu ya mwanzo ilikuwa ya kizamani: miraba sawasawa imepangwa kama vigae, ndani imeshindiliwa sufi. Ilikuwa mizito kiasi kwamba mgonjwa wa homa akifunikwa hatoroki. Kisha akaja Bi Mpangaji, mzaliwa wa hapa hapa aliyejifunza ushoni ng'ambo, na cheo chake kilikuwa hicho cha kupanga. Akatundika blanketi kuukuu ukutani, akawa anabandika vipande vikinasa bila pini, kisha anarudi nyuma hatua saba kuvitazama. Miraba hakuitaka. Alikata kwa jicho, mstari ukapinda akauacha upinde. Sehemu kubwa ya uso wa mfarishi aliiacha rangi moja.

"Bi Mpangaji, pale umesahau," nilimwambia siku za mwanzo.

"Pale pamepumzika," akanijibu. "Weye ukiongea hupumui?"

"Huwa sipumui."

"Nimeona."

Lakini alipomaliza ule wa kwanza nilikaa chini. Vitambaa vile nilivijua kimoja kimoja, nilivifunga kwa mikono yangu, na sasa vilikuwa vimekuwa kitu nisichowahi kukiona. Niliona kama shamba la muhogo baada ya mvua, ukilitazama ukiwa juu ya kilima. Nilitaka kusema neno la maana, nikauliza kama chai ipo.

Baada ya kupangwa, uso ule unalazwa juu ya tabaka la pamba, na pamba juu ya bitana. Tabaka zote tatu zinapigwa bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kisha zinadariziwa kwa mkono, tundu kwa tundu, hadi ziwe kitu kimoja. Wanawake sita walikaa kuuzunguka mfarishi mmoja mwezi mzima. Ndipo Fundi Mkuu anaupiga pasi kwa mkono wake, na hapo ndipo penye mtihani. Kila anapofika kwenye kipande, huuliza ni cha nani na nani katoa radhi, na mtunza mabaki hujibu kwa kichwa, bila daftari.

Mfarishi ninaotaka kuwasimulia ulikuwa mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuishona: vipande mia mbili na kumi na viwili. Bibi mmoja mwenye duka la mapambo Unguja alikuwa anakuja kuuchukua Jumamosi. Jumatano Fundi Mkuu akaweka pasi ya mkaa, tukaanza. Nilijibu mia moja na thelathini bila kukwama. Tukafika kwenye kipande cha hudhurungi, kile kitambaa cha rangi ya ganda la ndizi iliyopitiliza kuiva ambacho wazee hupenda kukishonea kanzu. Kilikuwa kikubwa kama kiganja, na mistari yote ya Bi Mpangaji ilikuwa inakielekea.

"Huyu?"

"Mzee Hamad wa Chokocho. Kanzu ya Idi."

"Nani katoa radhi?"

"Mpwawe, aliyekuja kuichukua kanzu. Kasema chukueni."

Pasi ikarudi kwenye kigae chake. "Mpwa ndiye aliyenunua kitambaa?"

Siye. Kitambaa kilinunuliwa na mke wa Mzee Hamad, Bi Saumu. Alikileta mwenyewe, akamfanyia mumewe zawadi. Mpwa alikuwa mtu wa kutumwa tu, na mtu wa kutumwa hawezi kugawa cha aliyemtuma. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Siku alipokuja mpwa ilikuwa mkesha wa sikukuu, watu wamejaa hadi barazani, mpwa akasema chukueni, na mimi nikafunga uzi mwekundu. Nilivihesabu vipande mara mbili. Mwenye mali sikumhesabu hata mara moja.

"Kisipohalalishwa, mfarishi hautoki," Fundi Mkuu alisema, wala hakupaza sauti. "Na ufunguo wa kabati uuache mezani mpaka utakaporudi."

Wale wanawake sita walinitazama. Mwezi wao mzima ulikuwa umelala pale mezani, na kazi yangu ilikuwa imelala kando yake.

Alhamisi alfajiri niliukunja mfarishi ndani ya shuka, nikaenda Chokocho kwa Bi Saumu. Nilipofika Kengeja, jirani na Chokocho, niliteremka kwenye lori la abiria nikasikia habari iliyonikata maini: Mzee Hamad alikuwa amefariki, na mkewe ndiyo kwanza katoka eda. Nilikuwa na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga tangu mji wa Chake. Sukari niliendelea nayo.

Bi Saumu alikuwa kakaa mkekani ukumbini kwake. Nikampa pole, nikamweleza kosa langu lote bila kupunguza, nikautandaza mfarishi mbele yake. Nilikuwa najiandaa kumwonyesha kipande kilipo. Hakuhitaji. Katika vipande mia mbili na kumi na viwili mkono wake ulikwenda moja kwa moja ukatua.

"Hichi."

"Ndicho, Bi Saumu."

"Nguo zakwe zote nishazitoa sadaka. Hata makubadhi. Hichi sikujua kama kipo."

Hapo mdomo wangu wa sokoni ukaanza kazi wenyewe. Nikamwambia naweza kumletea kitambaa kama kile, kipya, si kiganja bali cha kanzu nzima, na kingine cha rangi aitakayo.

"Weye muuzaji?" akaniuliza.

"Nilikuwa."

"Basi wajua. Kuna cha kuuza na kuna cha kurudisha. Nipa changu."

Maisha yangu yote sijawahi kuondoka kwenye mapatano bila kutoa neno la pili. Siku ile nilitoa wembe nikaanza kufumua. Kipande kilichodariziwa hakitoki upesi; kimeshikwa na tabaka tatu, na uzi mmoja ukivutwa vibaya mstari mzima unachanika. Alinitazama mshono kwa mshono. Kilipotoka nikampa kwa mikono miwili. Akakinusa. Kilinuka sabuni na mkaa wa karakana yetu, na sikuthubutu kumwambia.

Katikati ya mfarishi palibaki pengo, pamba inachungulia kama fizi ya jino lililong'oka.

"Na hapa mtatia nini?"

"Sijui, Bi Saumu. Haki ya Mungu sijui."

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na kitambaa cheupe kirefu. Nilikitambua: ukingo wa kofia. Huku kwetu mke humshonea mumewe kofia kwa mkono. Hutoboa vijitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, miezi na miezi. Huu ulikuwa umefika nusu. Nusu moja ilikuwa tundu safi kama chembe za mchele, nusu ya pili ilikuwa bado michoro ya penseli. Akachukua mkasi wake, akakata kipande pale nusu mbili zinapokutana, tundu upande mmoja na penseli upande wa pili.

"Bi Saumu, hicho sikukiomba."

"Ulichokiomba nimekunyima. Hichi nakupa. Ni radhi yangu, halali yenu na ya atakayejifunika." Akatia uzi kwenye sindano. "Kofia isiyokuwa na kichwa cha kuivaa ni kitambaa, mwanangu. Sogea, wanizibia mwanga."

Alikishona mwenyewe. Mimi nilimshikia mfarishi usimtelezee.

Ijumaa baada ya sala mfarishi ukawa juu ya meza tena. Fundi Mkuu akaniuliza kile kipande ni cha nani. Nikamjibu: cha Bi Saumu, katoa radhi mwenyewe, na mkasi uliokikata ni wake. Akapitisha kidole juu ya zile tundu mpaka zilipokoma na penseli ikaanza. Bi Mpangaji alirudi nyuma hatua zake saba, akasema kwa sauti ndogo kwamba mistari aliipanga yeye, lakini hakuwa amejua inakwenda wapi.

Jumamosi bibi wa Unguja akakiona kile kipande. "Hapa hamjamaliza?"

"Hapo ndipo uzi ulipoishia, mwenye kofia alipofariki," Fundi Mkuu alimjibu.

Yule bibi akaukunja mfarishi polepole, uso kwa ndani, kama mtu anayekunja msala wa kuswalia. Fundi Mkuu akaniwekea ufunguo kiganjani.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tundu la sindano, Fundi Mkuu ametangulia mbele ya haki, na karakana inaendeshwa na mabinti ambao huniita nikanywe chai na kuwasahihisha. Huniuliza siri ya kuchagua rangi, nami huwapeleka kwa Bi Mpangaji, maana rangi sikuwahi kuzijua. Nilichokijua ni mafungu na nyuzi zake. Miaka yote ile niliona nina akili ya kupata vitu bila malipo: watu wanasema chukueni, nami nafunga uzi, nahesabu, nafunga kabati. Nilikwenda Chokocho kuomba kipande kimoja nikanyimwa, na njia nzima ya kurudi, juu ya lori, niliupakata ule mfarishi na kuvihesabu vile vingine. Vilikuwa mia mbili na kumi na kimoja. Nikavihesabu tena, na mara hii ya pili nilivihesabu kama mtu aliyepewa.