Siku Kompyuta ya Phineas Ilipomtukana Bi Shekha

“Toa hilo sanduku lako nyumbani kwangu! Leo hii, kabla sijaligeuza jiwe la kusugulia miguu!”

“Mama, nisikize kidogo…”

“Mimi sikuzaa mtoto mwenye kutukana watu wazima!”

Hapo mtaa mzima wa Maweni ushatoka. Huyu ana ufagio mkononi, yule ana povu la sabuni mpaka masikioni. Mimi nilifika wa kwanza. Kazini huchelewa, lakini ugomvini sijapata kuchelewa.

Aliyekuwa akifoka ni Bi Shekha, mwenye nyumba. Aliyefokewa ni mpangaji wake, Phineas Dzombo, mwalimu wa hesabu kutoka Jilore. Kijana mpole, hata kuku akimpitia mbele humuomba radhi.

Na aliyetukana?

Kompyuta.

Nyinyi wa siku hizi mtasema hilo nalo jambo? Zenu zawatukana kila asubuhi. Mimi nazungumzia mwaka wa themanini na sita. Malindi tuliijua kompyuta kama tunavyoijua theluji, kwa kusikia.

Hii ya Phineas aliazimwa na mhandisi mmoja Mzungu. Ilikuwa ubao wa herufi tu, mtu angedhani ni taipureta iliyokatwa kichwa. Televisheni niliitoa mimi, na redio kaseti ya kuhifadhia kazi yake niliitoa mimi. Jina langu Stambuli, fundi redio. Shule nilitoka darasa la sita. Yaliyobaki niliyamalizia barazani, na barazani hakuna likizo.

Phineas alikuwa akitunga lugha ya kuiamrisha mashine, tena kwa Kiswahili. Unaandika ANDIKA, inaandika. Unaandika RUDIA 5, inarudia mara tano kila inachokuta, mpaka ikifika kwenye TOSHA.

Jumamosi mkuu wa chuo chake angekuja kuijaribu kwa vidole vyake mwenyewe. Ikimridhisha, chuo kinafungua darasa la kompyuta na Phineas ndiye mwalimu. Isipomridhisha, mashine inarudi kwa Mzungu, na Phineas anarudi kwenye sehemu na desimali.

Sasa nyumba yenye stima katika kichochoro chetu ilikuwa moja. Ya nani? Ya huyo huyo Bi Shekha. Chumba kikienda, Jumamosi nayo imeenda.

Mkuu wa chuo hakumtisha Phineas. Kilichomtia homa ni mambo ya makosa.

“Stambuli,” aliniambia, “mtu akipatia, hata jiwe lingemjibu. Lugha inajulikana mtu akikosea. Imwambie amekosea nini, mstari gani, na afanye nini.”

Basi akawa anatafuta watu wa kukosea. Nchi nzima yatafuta watu wa kufaulu, yeye anatafuta wa kukosea. Alikuwa na bahati, maana hatukuwa mbali.

Wa kwanza alikuwa Mzee Abdalla, karani mstaafu wa mahakama. Akavaa miwani, akapigapiga herufi, kioo kikamwandikia: KOSA 4 MSTARI 20.

“Kosa la nne?” Akavua miwani. “Na matatu ya mwanzo mbona sikusomewa?”

“Mzee, hiyo ni nambari ya aina ya kosa…”

“Nitakata rufani.”

Akafuata Kanze, muuza maziwa. Yeye alipata KOSA 7. Akaiambia televisheni, “Nisamehe,” akakaa akingoja isamehe.

Phineas akaandika kwenye daftari lake: *Ujumbe umesomwa. Haukueleweka.* Kisha akanigeukia.

“Wewe ndiwe mwenye maneno. Nipe ya watu, lakini yawe mafupi. Kumbukumbu ya mashine ni ndogo.”

Maneno mafupi, yenye kuchoma, yanayoeleweka na kila mtu? Ala! Nikatazama uani. Kwenye kamba za nguo yalikuwa yananing'inia yote, mekundu na manjano, yakichuruzika maji.

Mwanamke wa pwani havai leso, hiyo mnayoiita kanga, kujifunika tu. Leso ina jina lake, maneno yaliyochapwa pale chini, na jina lile lina mwenyewe. Akipita mbele ya mlango wako ameivaa, soma. Ukinyamaza, umekubali. Ukijibu, nenda dukani kanunue yako.

Nikampa Phineas majina kumi na mawili niliyoyakumbuka. Mtu akigawanya kwa sufuri: HUNA KITU WAGAWA NINI. Akiulizia kitu ambacho hakukiweka: HUKUWEKA WATAFUTA. Akifungua RUDIA ya pili na ya kwanza hajaifungia TOSHA: HUJAMALIZA LAKO WAANZA LANGU.

Mtaa ukaja kukosea kwa makusudi. Mzee Abdalla aligawanya kwa sufuri mara nne, akatoka akifuta machozi ya kucheka na rufani yake ameiondoa.

*Ujumbe umeeleweka,* akaandika Phineas.

Alhamisi, Bi Shekha akasema naye ajaribu, maana nyumba ni yake na stima ni yake. Akaandika pole pole, ulimi nje. Mstari wa 30 akaandika RUDIA. Mstari wa 70 akaandika RUDIA nyingine. TOSHA aliiweka wapi? Hakuiweka popote.

Kioo kikamjibu: MSTARI 70. HUJAMALIZA LAKO WAANZA LANGU.

Hapo ndipo mliponikuta nikikimbilia ugomvi.

“Hayo ni maneno ya leso ya Mahfudha!” Bi Shekha akaelekeza kidole ukutani kwa jirani. “Amekutuma! Miezi saba hajatosheka, sasa anipitishia kwenye televisheni!”

“Mino? Mino simanya, mama!” Phineas akiogopa, Kigiriama humtoka chenyewe. Alikuwa anaapa hajui lolote.

“Kesho sala ya Ijumaa ikiisha, nisikuone hapa.”

Mahfudha ni jirani, ukuta kwa ukuta. Yeye na Bi Shekha zamani wakiombana kila kitu, sasa hawaombani hata kaa la moto. Miezi saba nyuma, Mahfudha alimuoza binti yake. Bi Shekha aliishika harusi ile kama yake, jikoni yeye, ukumbini yeye. Siku yenyewe Mahfudha akatokea na leso mpya, akaja kukaa mbele yake. Imeandikwa vipi? Mnajua tayari.

Na Bi Shekha alikuwa na chumba cha uani alichoanza kujenga, kimekwama madirishani mwaka wa pili, popo wameshahamia. *Hujamaliza lako.* Mbele ya wanawake wa Malindi na Mambrui! Aliondoka kabla ya biriani. Toka siku ile, kimya.

Jioni ile Phineas alikuja kibandani kwangu na daftari lake, amenywea kama puto la jana. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa anafikiri.

“Ujumbe ni sahihi,” akasema. “Kilichokosewa ni mstari. Mashine inasema 70, na kosa liko 30. Pale sabini ndipo ilipokwama tu. Inamlaumu iliyemkuta, haimtafuti aliyeanza.”

Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Nikajichoma kidole.

Kuna jambo sijawaambieni.

Leso ile ya Mahfudha niliinunua mimi.

Alinituma Mombasa nikienda kufuata vipuri: “Niletee jozi nzuri ya kuvaa harusini, Stambuli, mimi nakuamini.” Nami nikachagua rangi. Jina nililisoma niko njiani, narudi, nimeshavuka Kilifi. Nikasema sirudi dukani kwa maneno manne. Mahfudha aliponiuliza imeandikwa nini, nikamjibu kwa uso mkavu: “Harusi yetu ina baraka.”

Mahfudha msahafu anausoma bila kukwama, na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ananiacha mbali. Hizi herufi za shule ndizo hakufunzwa. Na miezi saba hakuna aliyemsomea, kwa kuwa hakuna aliyedhani anahitaji kusomewa. Mwanamke mzima avae leso asiyoijua jina? Haijatokea!

Ilitokea. Kwa hisani ya fundi Stambuli.

Na mimi, mpenda habari wa Maweni, habari zote nikizibeba isipokuwa hiyo moja, miezi saba nakula mahamri ya Mahfudha asubuhi na wali wa Bi Shekha mchana. Kila mmoja akinihadithia ubaya wa mwenziwe, nami natikisa kichwa, “Loo, binadamu.”

Na nilipompa Phineas maneno yale yale, sikudhani Bi Shekha naye atakuja kukosea. Ningeweza kunyamaza. Phineas angefungasha, mashine ingerudi, na sahani zangu zingebaki mbili.

Ijumaa, baada ya sala, Phineas alikuwa tayari ameshatoa godoro nje. Hakulalamika. Alikuwa analipangusa vumbi ukuta wa Bi Shekha lisichafue. Lile godoro ndilo lililonishinda.

Nikaenda kwa Mahfudha. “Bi Mahfudha, ile leso ya harusi, njoo nayo.”

“Niende wapi? Kwa huyo aliyeikimbia biriani yangu?”

Nikamkokota. Bi Shekha kuiona leso ile mlangoni kwake, akakamata mwiko.

“Umeileta na nyumbani! Haya, isome, watu wasikie!”

“Niisome vipi na herufi hizi sizijui? Stambuli ndiye aliyenisomea. Imeandikwa ‘Harusi yetu ina baraka’.”

Mwiko ukasimama hewani.

Macho sita… hasha, mtaa mzima ukanigeukia. Mimi, niliyekuwa natafuta watazamaji maisha yangu yote, siku hiyo niliwapata.

“Si hivyo,” nikasema. “Imeandikwa ‘Hujamaliza lako waanza langu’. Nilijua. Nilikudanganya.”

Mahfudha aliitazama leso kama mtu aliyelala na nyoka. “Nami nilikaa mbele yako, Shekha, uone nilivyopendeza. Nikadhani umenuna kwa kuwa harusi yangu ilinoga kushinda ya mwanao.”

“Ilinoga!” Bi Shekha akaushusha mwiko. “Si biriani niliisimamia mimi?”

“Na hukuionja.”

“Sikuionja, mwenzangu.”

Wakashikana, wakalia, wakacheka. Mwiko umo katikati.

“Ingia ndani, Mahfudha, wali utapoa. Na wewe Phineas, rudisha godoro, unangoja mvua? Ingia ule.”

Mlango ukasukumwa. Nikabaki barazani na harufu ya samaki wa kupaka.

Mtaniuliza Jumamosi ilikuwaje. Phineas alikesha akirekebisha. Mkuu wa chuo alikosea dakika ya kwanza, kioo kikamwambia: ULIANZIA MSTARI 30, HUJAMALIZA. Akarudi thelathini, akamaliza mwenyewe, akacheka peke yake. Januari darasa likaanza.

Mimi somo langu nililipata pale barazani na njaa yangu. Ukisikia kelele, usimkamate aliyesimama penye kelele. Rudi nyuma mistari kadhaa. Mara nyingi utamkuta mtu kama mimi, ametulia, anasema “Loo, binadamu.”

Ijumaa ile ile, nilikuwa nimeshainuka barazani niende zangu.

“Stambuli!” Sauti ya Bi Shekha kutoka ndani.

“Naam, Bi Shekha.”

“Umekosea nini, mstari gani, na utafanya nini? Sema kwa sauti, na walio uani wasikie.”

Nikasimama mlangoni kama mwanafunzi. “Nimesema uwongo. Mstari ni ule wa safari ya Mombasa, tangu nilipovuka Kilifi. Nitamnunulia Bi Mahfudha leso nyingine, na jina atasomewa na Phineas.”

Kijiko kikagonga sahani.

“Huyo ameeleweka,” akasema Mahfudha.

“Basi nawa mikono,” akasema Bi Shekha, “uingie ule.”