Viti Viwili vya Mwalimu Evarist

Rozalia alikuwa na kazi mbili kwenye banda la kubangulia korosho pale Nachingwea, na ya pili hakuna aliyemwajiri kuifanya. Ya kwanza ilikuwa kuchambua korosho zilizokwisha kumenywa. Na kwa kuwa mikono yake ndiyo pekee isiyolowa yale mafuta ya maganda yanayobabua ngozi, yeye ndiye aliyeshika simu na kuwasomea wenzake hadithi. Wao walibangua, yeye akasoma, nao wakaitikia "enhe" kila alipovuta pumzi. Akichelewa kuendelea, walimgombeza.

Hadithi zilikuwa za Mwalimu Evarist, mstaafu wa Malolo kule Ruangwa, ambaye huziandika kwenye simu na kuwatumia watu aliowahi kuwafundisha, Rozalia akiwa mmoja wao. Bwana harusi aliyetoroka sherehe yake, shabiki wa mpira aliyeuza mbuzi wa mahari ili apate nauli ya kwenda uwanjani: mwalimu alijua kuchekesha mpaka watu wanaweka nyundo chini.

Halafu ikaja hii ya mwisho. Mzee mmoja hutoa viti viwili barazani kila asubuhi. Hukalia kimoja, jioni huviingiza vyote ndani. Kesho yake anavitoa tena. Basi.

"Enhe?" akauliza Hadija.

"Imeisha."

"Imeishaje? Hebu rudi juu, utakuwa umeruka."

Hakuruka kitu. Banda likagawanyika papo hapo. Hadija na wenzake walishikilia kwamba kiti cha pili ni cha marehemu, na mwalimu kaficha makusudi ili watu wasiogope kulala. Dafrosa na kundi lake wakasema hakuna cha marehemu wala nini, mwalimu kazeeka, kashindwa kumaliza. Wakabishana mpaka kwenye foleni ya maji, kana kwamba viti vyenyewe ni vya urithi.

"Na wewe msomaji, uko wapi?" Dafrosa akamgeukia.

"Imekamilika," Rozalia alisema. "Ndivyo ilivyo. Haidai kitu."

"Haa! Mama Beatrisi naye! Viti vitupu, yeye anaona utamu!"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu mumewe Dominiko afariki na binti yao Beatrisi aolewe mbali, Rozalia alikuwa bado anasonga ugali wa watu wawili, na nusu inalala. Hakumwambia mtu, maana mambo hayo ukiyasema yanakuwa kichekesho au sala. Aliposoma ile hadithi aliona kwamba Malolo kuna mtu anayeijua nyumba yake, ameiandika ilivyo, wala hakuitafutia dawa. Lakini kama ilikatika tu kwa uzee, basi hakuna aliyemjua. Ndiyo maana aliwaaga wenzake kwamba anakwenda kumuuliza mwalimu mwenyewe, na Jumamosi akapanda basi dogo hadi Ruangwa, akachukua bodaboda hadi Malolo.

Alimkuta mwalimu kwenye mkeka, anapukuchua mahindi peke yake, vifungo vya shati vimepishana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Nilikufundisha au nilikuchapa?"

"Yote mawili."

Akaketi, akachukua hindi, wakapukuchua pamoja. Alizungukazunguka kwanza, akauliza mvua, akauliza afya, mwisho akalitoa.

"Mwalimu, ile ya viti. Ulikusudia iishie pale?"

Mwalimu akaweka gunzi kando. "Kila hadithi nilikuwa namsomea mke wangu Agatha kwanza," akasema. "Yeye anamenya karanga, mimi nasoma. Nikisita, enhe. Hakuniacha nipumzike yule mwanamke. Hii nimeiandika baada ya kumzika. Nikasoma mpaka pale, nikanyamaza, nikasubiri. Kimya. Nikaona basi, niitume hivyohivyo."

"Kwa hiyo haijaisha?"

"Haijaisha, mama."

Rozalia alitamani asingeuliza. Akamwonea mzee huruma, akajionea na mwenyewe.

"Enhe?" akasema kwa sauti ndogo. "Ikawaje, mwalimu?"

Mwalimu akainua kichwa upesi, uso umechangamka. Kisha akamwona aliyesema. Akarudi kwenye mahindi yake.

"Ahsante, mama," akasema kwa upole. "Umeitikia vizuri."

Wakapukuchua mpaka kapu likajaa, Rozalia akaaga.

Jumatatu alikuta banda zima linamngoja. Hata nyundo hazikulia.

"Kasemaje? Nani kashinda?"

Angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angekwenda Malolo kuhakikisha. Lakini mwalimu alimwambia ukweli wake, na Rozalia hakuona haki ya kuugeuza.

"Dafrosa," akasema. "Haijaisha."

Dafrosa akapiga kigelegele, mikono ya mafuta juu, kundi lake likampokea. Hadija akanuna. Kelele zilipotulia, Dafrosa mwenyewe akageuka, sasa bila utani.

"Sasa mwenzetu, ataimaliza lini?"

Rozalia akafungua kinywa amjibu, machozi yakamtangulia.