Katuni za Mfaume na Rungu la Lugembe

Mfaume alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomlisha. Alizunguka na gari la sinema la serikali kutoka Tabora, akitundika shuka jeupe ukutani, na kabla ya filamu ya kilimo cha pamba akaonyesha katuni za zamani, nyeusi na nyeupe, zisizo na sauti, paka na mbwa wakitwangana nyundo. Sauti zote alizitia yeye. Nyundo ikiinuliwa, alinyamaza hadi watu wabane pumzi. Ikishuka, ndipo alipomliza paka. Kipigo kinachongojewa huchekesha, alisema, kinachokuja ghafla huuma tu.

Babu yake alikuwa Mzaramo aliyepanda bara na msafara, akaoa, akabaki. Kwa hiyo Mfaume na Wanyamwezi walikuwa watani. Aliwatukana hata mazishini kwao, wakamjibu kwa tusi zito zaidi, wakacheka wote. Mtani hakasirikiwi.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, alipelekwa na gari lake kijiji kipya nje ya Nzega. Mgambo walikuwa wamechoma nyumba za zamani na kumcharaza viboko kila aliyeng'ang'ania mlango wake. Bibi Apolinaria aliketi mbele kabisa, mkono umefungwa kitambaa chenye damu.

"Wachekeshe," aliamuru Lugembe, mkuu wa mgambo, Mnyamwezi wa hapo hapo.

Nyundo zikashuka, hakuna aliyecheka. Kisha mbwa akachoma kibanda cha paka, na Apolinaria akaangua kilio. Mfaume aliona aibu. Watu hawa alitaka wacheke, hata mara moja tu, na silaha aliyokuwa nayo ilikuwa utani. Akampa mbwa jina.

"Lugembe huyo! Mbeba mizigo we! Babu zako walibeba pembe za ndovu, wewe unabeba kiberiti!"

Kisha Apolinaria akacheka huku machozi yakimtiririka, na kijiji kizima kikalipuka.

Lugembe akaja. Mfaume alimgeukia akitabasamu, akingoja tusi lake, maana ndivyo mtani anavyojibu. Rungu likampata kwenye taya. Meno yakaruka. Mgambo wawili wakamshika mikono, Lugembe akamtwanga mbavu, akarudia mdomo, akarudia tena.

"Unampiga mtani!" Apolinaria alipiga yowe. Nyumba yake ilipochomwa alivumilia, hili hakulivumilia. Alimrukia Lugembe akamng'ata mkono hadi damu ikatoka, akatupwa chini kwa teke. Kwenye shuka paka aliyepondwa bapa aliinuka, akajipangusa. Mfaume hakuinuka.

Taya liliunga vibaya. Maneno yalimtoka yamesagika, na gari la sinema likapewa mtu mwingine. Akabaki nyumbani akishona makubazi, na watoto wa mtaani waliiga anavyoongea.

Miaka ilipita, Lugembe akaja Tabora kubisha hodi, mvi kichwani, hana tena cheo. Alisimama mlangoni akapaza sauti: "Mzaramo mla nguru! Bado hujafa tu?"

Ndivyo watani wanavyosameheana. Tusi likijibiwa kwa tusi, yamekwisha. Batuli, mkewe Mfaume, aliacha kupepeta mchele akamtazama mumewe.

"Karibu, bwana," Mfaume alisema polepole, ili aeleweke. "Habari za safari?"

Lugembe alisubiri tusi, kofia mkononi. Mfaume akamvutia kiti.