Jeki ya Baba na Makalio Yetu

Enzi zetu sisi watoto wa Mundika, gari liliinuliwa kwa makalio. Msicheke. Wenzangu mliokuwa wadogo bendera ya uhuru ikiwa bado mpya mnajua ninalosema. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, kaeni nyuma msikilize.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Ilibeba samaki wakavu kutoka Osieko hadi soko la Malaba, na haikupita wiki bila kitu kukatika. Fundi alikuwa Baba mwenyewe, gereji ilikuwa ua wetu, na jeki ilikuwa gogo refu la mvule. Ncha moja ilisukumwa chini ya pikapu, katikati gogo likalala juu ya jiwe, ncha ya pili ikabaki juu hewani. Kisha Baba aliita kama anayekaribisha wageni mezani, "Haya, njooni mkae!"

Mama aliacha chungu na kuja na unga wa muhogo mikononi. Majirani walivuka ua. Sisi watoto tulijipanga kwenye gogo kama kuku wanaotafuta kulala. Tukakaa. Ncha yetu ikashuka, pikapu ikanyanyuka ikilia kama mbuzi anayeburutwa, na Baba akapanga mawe chini yake haraka haraka. Hapo ndipo tulipoambiwa habari zote za kijiji, maana ukishakaa kwenye gogo huruhusiwi kuondoka, na mdomo hauna kazi nyingine.

Mimi nilikuwa na cheo. Wenzangu wakienda kuchuma mapera na kuogelea mtoni, mimi nilikuwa nyumbani, karibu na chungu. Nyumba niliipenda na chungu kilinipenda. Kaka yangu Wandera alizoea kusema, "Nabwire asipokaa, gari haliinuki." Alikuwa ananicheka, lakini mimi niliyapokea maneno hayo kama zawadi ya shule. Nilikaa mwisho kabisa wa gogo, mahali pa heshima, na kiazi kitamu cha moto mkononi.

Basi siku moja Baba akachoka kuita watu. Tukaenda Malaba, kwenye duka la vipuri karibu na pale malori ya Uganda yalipopanga foleni. Kwenye kaunta kulikuwa na jeki mbili. Moja ilikuwa fupi, nene, imesimama wima kama chupa ya mafuta ya taa. Ya pili ilikuwa ndefu, nyekundu, ina mpini kama wa mkokoteni na magurudumu manne madogo ya chuma. Ilikuwa nzuri jamani! Hata mimi niliipenda, na mimi ndiye ingeninyang'anya kazi.

Dereva mmoja wa lori alikuwa amekaa juu ya gunia akitafuna njugu, akingoja karatasi zake zigongwe muhuri.

"Mzee, chukua hiyo ya chupa," akasema. "Hiyo ya magurudumu ni ya gereji. Inataka saruji chini."

"Kwani kwangu tunaishi juu ya mti?" Baba akamjibu. "Hujaona sakafu ya mke wangu. Inashinda saruji."

"Ile ya mavi ya ng'ombe?"

"Hiyo hiyo."

"Haya, boss. Lakini gari si mgeni wa harusi."

"Kwangu hata gari linapokewa vizuri," Baba akasema, na tayari alikuwa ameubeba mzigo wake mwekundu.

Mama aliposikia amesifiwa Malaba mbele ya madereva, nani angemzuia? Alichanganya udongo mwekundu, majivu na samadi, akakandika pale ambapo pikapu ingesimama. Akapiga siku ya kwanza, akarudia ya pili, ya tatu akachora maua pembeni kwa vidole. Kuku aliyekanyaga pale alifukuzwa kama mwizi. Gogo letu likaburutwa nyuma ya jiko lingoje shoka. Nililia. Mama alidhani ni minyoo.

Jumamosi Baba akapiga jeki kwa mkono mmoja tu, huku ule mwingine ameuweka kiunoni. Pikapu ikapanda taratibu. Majirani walikuja kwa mazoea wakasimama tu, makalio yao hayana kazi. "Mmeona?" Baba akauliza. Hakuweka jiwe hata moja. Mawe yangeharibu maua ya Mama.

Akafungua tairi ya nyuma. "Nabwire, peleka hii kisimani ukaioshe."

Kisima kilikuwa bondeni, na tairi ile tulikaribiana uzito. Nilikuwa na hasira na ile jeki, na uvivu nilikuwa nao siku zote. Nikaiviringisha hadi upande wa pili wa nyumba nikijifanya naenda. Baba alipoinama kutafuta spana, nikarudi kinyemela, nikailaza tairi chini ya pikapu kwa upande mwingine asikoangalia. Nikaingia jikoni kuonja mboga ya mrenda. Baba akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini kufunga springi.

Sasa, mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Sakafu ya Mama juu ilikauka kama ganda la mkate. Chini ilikuwa ugali.

Sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kama mtu mnene anayekalia kiti kibovu: kraaa, kisha kimya. Nikatoka na mwiko mkononi. Jeki ilikuwa imelala ubavu, magurudumu mawili juu. Pikapu ilikuwa chini. Na chini yake ilitokea miguu ya Baba, mmoja una ndara, mwingine hauna. Haikutikisika.

Mama hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Mama ambaye akiona nyoka Mundika walimsikia mpaka kijiji cha Alupe, alisimama mdomo wazi na hakuna kilichotoka. Wandera akasema tu, "Baba?", kama mtu anayebisha hodi.

Halafu kutoka chini ya chuma ikaja sauti yenye hasira.

"Nani ameacha tairi hapa?"

Sijawahi kugombezwa kutamu namna ile.

Gogo likaletwa mbio. Watu kumi na mmoja tukakaa. Nilikuwa mwishoni, mwiko bado mkononi. Maisha yangu yote nimemwomba Mungu nipungue. Siku ile peke yake nilimwomba aniongeze.

Baba akavutwa nje, kifua kimechubuka, uso wote grisi. Akakaa juu ya maua yaliyopasuka. Pikapu ilikuwa imeangukia ile tairi, na unene wa tairi ndio uliombakishia pumzi.

"Nabwire. Nilikwambia uipeleke wapi?"

"Kisimani, Baba."

"Uliipeleka?"

"Hapana."

Nikangoja fimbo. Akaitazama tairi, akanitazama mimi. "Uvivu wako huo," akasema, "ukiolewa usiuache hapa. Uende nao."

Jumatatu akarudi Malaba kubadilisha, akaja na ile ya chupa, akaiwekea ubao mnene chini. Na kuanzia hapo, tairi ikifunguliwa kwetu ililazwa kwanza chini ya gari, hata kama ni ya baiskeli.

Juzi mjukuu wangu Brian kaletewa jeki aliyoagiza kwa simu. Ya magurudumu! Nyekundu! Nilishika ukuta. "Kukhu, hii ni ya tani tatu," ananiambia, maana kwetu bibi ni kukhu, "na ua wetu umetandikwa kabro za saruji, relax." Kisha akaingia chini ya gari peke yake, muziki masikioni, hakuna mtu uani isipokuwa bibi yake na kiti chake cha plastiki.

Sikatai, jeki yake inainua kwa mkono mmoja kilichohitaji sisi watu kumi na mmoja. Lakini siku ile pikapu iliposhuka, wote kumi na mmoja tulijua nani yuko chini.

Tairi aliyoifungua nikaisukuma kwa mguu mpaka ikaingia chini ya gari. Kisha nikavuta kiti changu karibu na miguu yake, nikakaa. Kukaa ndiyo kazi niliyosomea.