Bi Nywila na Chuma Kilichochoka

Jina lake la kweli limebandikwa mlangoni, lakini hata mkuu wa maktaba humwita Bi Nywila. Jina hilo walimpachika wanafunzi wa uhandisi, kwa sababu asiyepitia kwake hapati nywila, na asiye na nywila ataishia kusikia habari za majarida ya sayansi kwa wenzake. Mwenyewe halichukii. Husema jina la kwanza alipewa bure na mama yake, hili amelifanyia kazi.

Mimi ni mtunza rafu. Tumekaa chumba kimoja miaka kumi na mmoja, meza yangu imeelekea vitabu, yake imeelekea dirisha linalotazama karakana ya uhandisi. Alipohamishiwa kwenye mambo ya mtandao nilinuna, nisiseme uongo. Tulianza pamoja tukichapa kadi za katalogi kwa taipureta, na nilijua sayansi aliiacha sekondari kama nilivyoiacha mimi. Mtu asiyejua tofauti ya volti na wati atawatafutia maprofesa nini?

Kumbe kutojua ndiko kulikomfaa, maana haoni haya kuuliza. Mwanafunzi akija na mada ya mabomba ya mvuke, atamwuliza mvuke unaingilia wapi, unatokea wapi, na ukikataa kutoka inakuwaje, mpaka mtoto wa watu atokwe na jasho. Akimaliza kujibu, mara nyingi ameshajua mwenyewe anachotafuta. Binti yake mkubwa hulalamika kwamba mama akienda msibani atataka kumhoji marehemu.

Silaha yake ni daftari. Kila ukurasa ameugawa kwa mstari: kushoto huandika watu wanavyosema, kulia huandika mashine ya kutafutia makala inavyotaka kuambiwa. Kushoto, "ukuta unatoa jasho". Kulia, kupanda kwa unyevu kwenye matofali. Kushoto, "umeme unacheza". Kulia, mabadiliko ya volti. "Kaka," aliniambia siku moja, "mashine haijui unachotaka. Inajua ulichoandika tu." Maprofesa wenyewe huja kulichungulia daftari hilo, ingawa hujifanya wamepita kusalimia.

Na daftari hilo hilo nusura limponze fundi wa kerezo.

Fundi huyu ndiye anayechonga vyuma kwa mashine hiyo pale karakana, na tangu niajiriwe sikuwahi kumwona akipanda ngazi zetu. Alikuja Jumatatu saa ya chakula cha mchana, akasimama mlangoni na ovaroli yake yenye grisi, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa tambara. Alikataa kuketi asije akachafua kiti. Bi Nywila akatandika gazeti.

"Keti, fundi. Kiti kimenunuliwa kikaliwe."

Akalifungua tambara. Ndani mlikuwa na kipande cha shafti iliyokatika, nene kama kifundo cha mkono wangu. Ndiyo inayozunguka ndani ya pampu inayopandisha maji mabwenini. Ilikuwa ya tatu kukatika mwaka huo, na zote tatu alizichonga yeye. Sasa mkuu wa matengenezo alikuwa amemwandikia barua, kwamba chuma kizuri anachopewa anakipeleka kusikojulikana na kuchongea cha hovyo. Ijumaa angesimama mbele ya kamati. Asipojieleza wakamwelewa, kazi hana, na jina la mwizi juu yake.

"Nimewaambia chuma kinachoka," alisema. "Wakavunjika mbavu. Mkuu akasema basi tukiandikie likizo."

Nami nilicheka. Najuta, lakini nilicheka. Bi Nywila hakucheka. Alilivuta daftari, akaandika kushoto, "chuma kinachoka." Akafikiri kidogo, kisha kulia akaandika, "udhaifu wa chuma, chuma cha kiwango cha chini."

"Hii tutaitafuta kitaalamu, fundi," alimwambia. Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mgonjwa aliyeandikiwa dawa.

Wafanyakazi wa karakana hawana nywila. Ni ya walimu na wanafunzi. Kwa hiyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa yake ya chakula iliishia juu ya gazeti pale kando ya Bi Nywila. Mashine haikuwa na uchoyo. Ilileta makala za vyuma vibovu, vyuma vilivyochanganywa na taka, hata moja ya namna ya kumgundua muuzaji anayepitisha chuma hafifu kwa jina la chuma safi. Kila tulichokipata kilikuwa kinamkaba fundi mwenyewe. Ungedhani mkuu wa matengenezo ndiye aliyekaa kwenye kibodi.

Jumatano, saa ikikaribia kwisha, fundi akasimama.

"Dada, samahani nikuulize. Mimi sikusema chuma ni dhaifu. Nilisema kinachoka. Mtu dhaifu na mtu aliyechoka ni sawasawa?"

Bi Nywila akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Dhaifu hawezi tangu mwanzo," fundi akaendelea. "Aliyechoka aliweza, akaweza, akaweza, halafu siku moja akashindwa. Shafti hii imezunguka miezi minne mchana na usiku. Ingekuwa dhaifu, isingemaliza wiki."

Niliona aibu ikimpanda Bi Nywila usoni. Siku tatu alikuwa akiuliza swali lake mwenyewe, la fundi ameliacha upande wa kushoto. Alishika kalamu akafuta kila kitu alichoandika kulia. Akafungua kamusi kutafuta Kiingereza cha uchovu, akapata neno lile lile ambalo daktari huliandika kwenye cheti cha mtu aliyezidiwa na kazi. Akalichapa hivyo hivyo kwa Kiingereza, uchovu, chuma, shafti, na uso ameukunja kama mtu anayetarajia kuchekwa.

Makala zaidi ya elfu arobaini.

"Kaka, njoo uone!" alipiga kelele, ndani ya maktaba ambayo mimi mwenyewe nimeibandika vibao vya KIMYA kila ukuta. "Wanasema hivyo hivyo! Wasomi wenyewe wanasema chuma kinachoka! Zaidi ya miaka mia wanaandika hivyo!"

Sikumnyamazisha. Nilikuwa nimeshasogeza kiti.

Fundi hakuruka wala hakucheka. Alikaa chini taratibu, akafuta macho kwa kiganja, akaacha alama ya grisi shavuni.

Alhamisi wakachagua makala moja, wakasoma. Bi Nywila alianza na ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo, akautafsiri kwa mwendo wa kinyonga, na kila alipokwama kwenye neno la ufundi, fundi alilieleza kwa mikono. Mmoja alikuwa na Kiingereza bila chuma, mwingine chuma bila Kiingereza. Nimehudhuria mihadhara ya maprofesa wengi nikasinzia, lakini siku ile sikupepesa jicho.

Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na picha ya chuma kilichokatika. Kilikuwa na mistari ya duara, mmoja nje ya mwingine, kama ile inayobaki kwenye tope maji yakikauka kidogo kidogo. Fundi akaweka kipande chake kando ya skrini. Mistari ilikuwa ile ile. Makala ilisema ukiifuata kwa kurudi nyuma utafika mahali uchovu ulipoanzia. Wakaifuata kwa ncha ya penseli, vichwa vimegusana, mpaka kwenye kona, pale unene mkubwa wa shafti unapokutana na mdogo.

Bi Nywila alifungua ukurasa wa nne, akasoma sentensi ya kwanza kimoyomoyo, akaweka penseli chini.

"Endelea, dada."

"Fundi, tunaweza kuishia hapa. Kurasa hizi tatu zinatosha kukutoa. Chuma kinachoka, na picha unayo."

"Inasema nini?"

"Inasema kona ikiwa kali, chuma huanza kuchoka hapo. Inatakiwa iviringishwe."

Nikafumba macho. Karakana nzima inajua kona za fundi yule. Wenzake humtania kwamba unaweza kuzinyolea ndevu. Na shafti ya kwanza kabisa, iliyokuja na pampu kutoka kiwandani, ilikuwa na kona ya mviringo. Alikwisha kutusimulia hilo Jumanne, kwa dharau, akisema wale wa kiwandani walikuwa wavivu na yeye akaona airekebishe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimshauri wazi achukue kurasa tatu za kwanza, hizo zingine azisahau. Nani kwenye kamati ile angefungua mtandao kuzitafuta? Bi Nywila alinikata jicho, lakini hakunipinga. Alimgeukia fundi.

"Sikuchagulii," alisema. "Ila siwezi kukupa nusu ya makala nikajifanya ndiyo yote. Sema nichape zipi."

Fundi alipitisha kidole gumba kwenye ile kona, huku na huku.

"Zote," alisema.

Ijumaa tulikwenda naye, Bi Nywila ili athibitishe makala ilikotoka, mimi kwa umbeya wangu. Kamati ilikuwa ya watu watano na meza ndefu. Fundi aliweka kipande cha shafti mezani, akaweka na karatasi.

"Chuma hiki ni kile kile mlichonipa," alisema. "Mkipime popote. Kimechoka. Na aliyekichosha ni mimi. Kona hii niliifanya kali kwa kujiona fundi kuliko waliotengeneza pampu. Mistari yake hii hapa, na picha yake hii hapa."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa matengenezo aliinua karatasi moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nani amekufundisha mambo haya?" aliuliza, na sauti yake ilitaka jina la profesa fulani.

Bi Nywila aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Hakuna, mkuu," fundi alijibu. "Nimesoma."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaomba karatasi zote, akazisoma kuanzia ikisiri mpaka mwisho sisi tukiwa tumesimama. Alipomaliza alivua miwani, akamgeukia mkuu wa matengenezo.

"Na wewe," akamwuliza, "ile barua ya wizi uliiandika baada ya kusoma nini?"

Fundi alirudi kwenye kerezo lake mchana ule ule, na onyo moja la maandishi kwa sababu ya kona, ambalo alilitia saini bila kinyongo.