Usukani Wangu Ulioenda Upande

Bega langu la kushoto limeshuka tangu enzi nilizobeba magunia ya nazi sokoni Likoni, na maumivu yake hupanda mpaka shingoni. Mke wangu alinisugua mafuta ya papa hadi watu msikitini wakanihama safu. Maumivu yalibaki, na ule uvundo nao ukabaki.

Aliyenifaa ni fundi wa baiskeli wa mtaa wa Shika Adabu. Alinitazama nikiendesha, kisha akaugeuza usukani upande, mpini wa kushoto ukanisogelea. Ukiuona utacheka, lakini tangu siku ile nafika kazini bila kuuma meno.

Shida ni watu wetu. Hawawezi kuona kitu kimepinda wakakiacha! Mara mbili nilitoka kuswali nikaukuta usukani umenyooshwa. Ijumaa iliyopita nikamfumania mwenyewe: mzee jirani yangu, kanzu ameipandisha, gurudumu langu la mbele amelibana magotini, mikono inamchuruzika mafuta ya sambusa, anasokota huku akihema.

"Mwanangu, nimekunyooshea. Ulikuwa waenda kombo," akasema, akijipangusia vidole kwenye mpini wangu.

 Nikafungua kinywa nimpashe, nikajisikia nikisema, "Shukran, mzee wangu. Mungu akulipe."

Nikapanda, mikono ikiteleza, bega likiwaka moto. Nilipokata kona asinione, nikashuka, nikalibana gurudumu magotini, nikaupinda usukani wangu mwenyewe huku nikiangaza huku na huku kama mwizi.